Kuacha Ngano Ni Nusu ya Dawa

Mwaka 2013 watafiti wa Uholanzi walichapisha vipimo vya damu vya watu wazima 80 waliokuwa ndio kwanza wamegundulika kuwa na ugonjwa wa seliaki. Asilimia 87 kati yao walikuwa na angalau kipimo kimoja kilichoshuka chini ya kiwango cha kawaida. Asilimia 67 walipungukiwa na zinki, asilimia 46 akiba yao ya madini ya chuma ilikuwa imepwaya, asilimia 20 hawakuwa na asidi ya foliki ya kutosha, na asilimia 19 walikosa vitamini B12 ya kutosha. Wakati huohuo asilimia 29 ya watu hao walikuwa na uzito uliozidi. Takwimu hiyo ya mwisho inafaa kutazamwa mara mbili, kwa sababu sura ya mgonjwa wa seliaki iliyozoeleka ni ya mtoto aliyekonda, tumbo limevimba, kuhara hakumwishi. Mwili wenye nyama haumfanyi mtu yeyote ashuku kwamba ndani yake mna njaa. Lakini utafiti unaonishughulisha zaidi ni wa zamani kidogo. Mwaka 2002 nchini Sweden walipimwa watu wazima 30 waliokuwa wameacha ngano kwa miaka kumi, na vipande vya utumbo wao vilipochunguzwa vilionyesha kwamba wamepona. Zaidi ya nusu yao walikuwa na dalili za upungufu wa vitamini: asilimia 37 vitamini B6, asilimia 20 asidi ya foliki. Hawa si wakaidi waliokula mkate kwa kificho. Ni watu waliotii walichoambiwa, utumbo ukapona, na bado damu yao ikabaki na pengo.

Pengo hilo haliwezi kuelezwa na ugonjwa peke yake. Katika seliaki kuna upungufu wa aina mbili, na kosa kubwa la utunzaji wake ni kuzichukua zote mbili kama moja. Aina ya kwanza huletwa na ugonjwa. Gluteni, ile protini inayoupa unga wa ngano uwezo wa kuvutika na iliyomo pia katika shayiri na rai, huamsha kinga ya mwili kwa mtu aliyezaliwa na vinasaba fulani, na kinga hiyo ikageuka kuushambulia utumbo mwembamba. Vijinyweleo vinavyofyonza chakula husinyaa na kulala. Shambulio huanzia juu, karibu na tumbo la chakula, na bahati mbaya ni hapo hasa ambapo mwili huchukua chuma, kalsiamu na sehemu kubwa ya asidi ya foliki. Ndiyo maana upungufu wa damu huwa dalili ya kwanza, na wakati mwingine ya pekee, kwa mtu mzima. Mafuta yasiposharabiwa vizuri huondoka na vitamini A, D, E na K. Aina ya pili huletwa na tiba yenyewe, yaani mlo usio na gluteni, na hiyo haiponi kwa kuendelea kujizuia. Kadiri mtu anavyojizuia kwa ukamilifu, ndivyo inavyoweza kuzidi.

Wapo wataalamu wanaosema tusihangaike sana na vidonge, kwani utumbo ukipona mwili utajilipia madeni yake wenyewe. Hoja hii ina ushahidi. Mwaka 2001 watafiti wa Italia waliwafuatilia watu wazima wenye seliaki na upungufu wa damu unaotokana na ukosefu wa chuma, wakawapa mlo usio na gluteni bila kidonge chochote cha chuma. Baada ya miezi 12 karibu wote walikuwa na damu ya kutosha. Lakini katika matokeo hayohayo mna jibu: akiba ya chuma ilikuwa imejaa kwa takriban nusu yao tu. Damu inayoonekana katika kipimo cha kawaida ilirudi, ghala likabaki nusu tupu. Halafu kuna suala la muda. Hospitali ya Mayo Clinic ya Marekani ilipowafuatilia wagonjwa wazima zaidi ya 200, baada ya miaka miwili ni asilimia 34 tu waliokuwa na utumbo uliopona, na baada ya miaka mitano asilimia 66. Watoto hupona upesi zaidi, lakini mtoto naye hana miaka mitano ya kusubiri. Urefu anaoukosa akiwa na miaka mitatu haurudishwi wote, mifupa hujijenga hadi ujana wa ishirini na kitu kisha huanza kuishi kwa akiba, na mimba haiahirishwi hadi vijinyweleo visimame. Kwa hiyo anayegundulika leo akiwa na upungufu uliopimwa apewe chuma, foliki, vitamini D au chochote kilichopungua, huku akiacha ngano siku hiyohiyo. Kumpa vidonge bila kumwachisha ngano ni kumimina maji katika pipa lililotoboka, na ndiyo hali ya wagonjwa wengi wanaozunguka zahanati kwa miaka wakibadilishiwa vidonge vya kuongeza damu.

Upungufu wa pili ndio usiozungumzwa. Ngano katika ulimwengu wa leo si chakula tu. Ni chombo ambacho serikali hutumia kupeleka virutubishi majumbani bila kumwomba mtu ruhusa. Marekani ililazimisha asidi ya foliki iongezwe katika unga mwaka 1998. Uingereza imekuwa kwa miongo mingi ikilazimisha kalsiamu, chuma na vitamini mbili za kundi B katika unga mweupe wa ngano. Tanzania ilitunga kanuni zake mwaka 2011, na Kenya ikafuata 2012, zikiwataka wenye viwanda kurutubisha unga wa ngano na wa mahindi. Anayeacha ngano huko Uingereza au Marekani huondoka katika mpango huo kimyakimya. Mkate anaouziwa badala yake, kwa bei ya mara kadhaa, kwa kawaida umetengenezwa kwa wanga wa mahindi, wa mchele au wa viazi, ukashikizwa kwa gundi za kiwandani, ukaongezwa mafuta na sukari ili ulike. Alama iliyo kwenye kifungashio inaahidi jambo moja tu, kwamba gluteni haizidi miligramu 20 katika kilo moja, kiwango cha kimataifa cha Codex. Haisemi neno juu ya chuma, foliki wala nyuzinyuzi, na mnunuzi huisoma kimakosa kama cheti cha afya.

Historia ya ugonjwa huu yenyewe ilipotea njia mahali hapahapa, ila kwa upande wa pili. Mwaka 1924 daktari wa watoto wa New York, Sidney Haas, alitangaza kwamba watoto wenye seliaki walipona kwa mlo wa ndizi. Walipona kweli, maana mlo wake ulipiga marufuku mkate na nafaka. Lakini yeye aliamini kwamba ndizi ndiyo dawa. Watoto waliodhaniwa wamepona wakarudishiwa mkate. Ilimngoja Mholanzi Willem Dicke, ambaye alishaanza kuishuku ngano kabla ya vita vya pili vya dunia, aandike tasnifu yake ya mwaka 1950 kuonyesha kwamba kilichoponya ni kile kilichoondolewa. Tangu hapo tiba nzima imejengwa juu ya kuondoa. Dicke alikuwa sahihi kuhusu chanzo. Ila Haas, katika kosa lake, alikuwa na swali ambalo warithi wa Dicke waliliacha njiani: mtoto huyu sasa atakula nini?

Jibu la haraka linalotolewa ni kidonge chenye kila kitu, kimoja kwa siku, maisha yote. Silidharau. Timu ileile ya Sweden iliwapa wagonjwa vitamini tatu za kundi B kwa miezi sita, katika jaribio lenye kundi la kulinganishia, na mwaka 2009 ikaripoti kwamba homosisteini, kemikali ya damu inayopanda foliki na vitamini nyingine za kundi B zikipungua, ilishuka kwa theluthi moja, na wagonjwa wakasema wanajisikia nafuu. Kwa mtu ambaye hawezi kupimwa mara kwa mara, kidonge cha kipimo cha chini ni bora kuliko kukaa bure. Tatizo ni kwamba watu hawaishii kwenye kipimo cha chini. Asidi ya foliki kwa wingi inaweza kurekebisha damu ya mtu aliyekosa B12 na kuuficha ugonjwa huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika. Zinki kwa wingi na kwa muda mrefu huzuia shaba isifyonzwe, na upungufu wa shaba huleta upungufu wa damu na ganzi ya miguu, yaani dalili zilezile ambazo mtu alikuwa akizikimbia. Vitamini B6 ikizidi nayo huumiza mishipa ya fahamu. Chuma hakina mlango wa kutokea mwilini, na mwenye selimundu anayeongezewa damu mara kwa mara tayari anacho cha kuzidi. Hivyo vipimo vitangulie: picha kamili ya damu na feritini kwanza, kwani ndivyo vinavyopatikana kirahisi zaidi, kisha B12, foliki, vitamini D na kalsiamu kadiri mfuko unavyoruhusu, virudiwe baada ya miezi michache, halafu kila mwaka. Feritini nayo isomwe kwa hadhari, maana hupanda mtu anapokuwa na malaria au uvimbe wowote mwilini, ikaonyesha ghala limejaa kumbe ni moto ndani ya ghala.

Msomaji wa Mwanza au Mombasa anaweza kuuliza haya yanamhusu nini, si maradhi ya Wazungu haya? Kiwango kikubwa kuliko vyote kilichowahi kuandikwa hakikupatikana Ulaya. Mwaka 1999 jarida la Lancet lilichapisha uchunguzi wa watoto wa Kisahrawi, watu wa Sahara Magharibi, wengi wao wakimbizi wa kambi za Tindouf nchini Algeria, ambao asilimia 5.6 walikuwa na seliaki. Ni jamii iliyokuwa ikiishi kwa maziwa ya ngamia, nyama na nafaka kidogo, na sasa ngano imekuwa sehemu kubwa ya mlo wake, ikiwamo ngano ya msaada. Saudi Arabia, walipopimwa wanafunzi 7,930, asilimia 1.5 walikutwa nayo. Muungano wa tafiti za dunia uliochapishwa mwaka 2018 uliiweka Afrika kwenye asilimia 0.5, sawa na Amerika ya Kaskazini, ingawa tafiti hizo za Afrika zinatoka zaidi upande wa kaskazini. Anayeishi pwani yetu akiwa na damu ya Uarabuni, au mfanyakazi wa Muscat anayekula mkate asubuhi na jioni, hana sababu ya kujiona yuko nje ya hesabu. Ni kweli kwamba Afrika Mashariki upungufu wa damu una vyanzo vingi vilivyo karibu zaidi: minyoo, malaria, selimundu, uzazi wa mfululizo, mlo duni. Sidai kila aliyepauka apimwe seliaki. Ila aliyetibiwa minyoo, akameza vidonge vya chuma kwa miezi bila damu kupanda, au mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza anayedumaa, anastahili kipimo cha kingamwili. Na apimwe kabla ya kuacha ngano, kwa kuwa kingamwili hushuka mtu akiacha, na anayejiachisha mwenyewe kwa ushauri wa mtandaoni huipoteza fursa ya kujua.

Akishagundulika, mtu wa huku ana faida moja kubwa juu ya mwenzake wa Stockholm: jiko lake halikujengwa juu ya ngano. Ugali, wali, ndizi, viazi, muhogo, mtama, ulezi, maharage, kunde, dagaa, vyote havina gluteni kwa asili yake. Vitumbua na mkate wa kumimina ni mchele, mkate wa mofa ni mtama. Anachopoteza ni chapati, maandazi, sambusa, tambi, bokoboko na biskuti, na kwa familia nyingi hicho ni chakula cha asubuhi na cha sikukuu. Si hasara ndogo, lakini si msingi wa mlo. Hata hivyo kutokuwa na gluteni si kuwa na lishe. Sembe iliyokobolewa hadi ikawa nyeupe, wali mweupe na muhogo ni wanga mtupu kwa sehemu kubwa, na mgonjwa anayekimbilia vitatu hivyo kwa sababu ni salama anajitengenezea mwenyewe ule upungufu wa pili bila kugusa duka la bei ghali. Abadilishe sembe kwa dona pale inapowezekana. Ulezi una kalsiamu ya miligramu zipatazo 340 katika gramu 100, kiwango ambacho mchele hausogelei, pamoja na chuma. Dagaa wanaoliwa wazima na mifupa yao hutoa kalsiamu, zinki na B12 kwa pamoja. Maini hutoa chuma na foliki, ingawa mjamzito asiyaendekeze kwa ajili ya wingi wa vitamini A. Kunde na maharage ni hazina ya foliki, na mchicha au matembele pia, ilimradi yasichemshwe kwa saa nzima kisha maji yake yakamwagwa, maana foliki huondoka na maji hayo.

Nafaka nzima na jamii ya kunde zina kizuizi chao, faiteti, inayoshikilia chuma na zinki visifyonzwe. Wenye hoja ya kidonge huishikilia sana: mnasifia ulezi ambao chuma chake hakiingii mwilini. Wana haki kwa kiasi, na ndiyo sababu namna ya kuandaa ina uzito sawa na chakula chenyewe. Kuloweka, kuotesha na kuchachusha hupunguza faiteti, na bibi zetu waliotengeneza togwa kwa kimea cha ulezi walikuwa wakiifanya kazi hiyo bila maabara. Limau, ndimu, embe au pilipili mbichi kando ya maharage huongeza chuma kinachofyonzwa. Kipande cha samaki au nyama nacho hivyohivyo. Kinyume chake ni chai. Kikombe cha chai pamoja na chakula kinaweza kupunguza chuma kinachofyonzwa kutoka mimea kwa zaidi ya nusu, na kwetu chai ndiyo kifungua kinywa chenyewe. Kuisogeza saa moja au mbili mbali na mlo wa maharage hakumgharimu mtu senti. Maziwa ni suala jingine: utumbo ulioumia hupoteza kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa, na watu wazima wengi wa ukanda huu hawakuwa nacho cha kutosha tangu awali, kwa hiyo mtindi utavumilika pale maziwa mabichi yanaposumbua.

Hatari iliyofichika zaidi imekaa pale panapouzwa afya. Unga wa lishe, ule anaopewa mtoto asiyekua, mara nyingi huchanganywa mahindi, soya, karanga, ulezi na ngano. Mtoto mwenye seliaki ambayo haijajulikana, kadiri anavyodhoofika ndivyo anavyozidishiwa uji huo. Mashine ya kusaga ya mtaani husaga ngano ya jirani kabla ya mahindi yako. Kikaango cha chipsi ndicho kilichokaangia sambusa. Kimea kilichomo katika vinywaji vya unga na biskuti za kutoka nje ni cha shayiri, si cha ulezi. Mwaka 2007 jaribio la watafiti wa Italia lilionyesha kwamba miligramu 50 za gluteni kwa siku, kiasi cha makombo, zikiliwa kwa miezi mitatu zinatosha kuujeruhi utumbo. Mtu atakayepanga mlo wake vizuri kwa ulezi na dagaa lakini akasagia mahali pamoja na ngano atakuwa amerudi kwenye upungufu wa kwanza akidhani anapambana na wa pili. Nafaka zichaguliwe na kuoshwa nyumbani, na zisagwe mashine inayosaga mahindi tu, au kwa kinu.

Kwa walio Ulaya na Amerika ya Kaskazini hesabu inageuka. Huko lebo ni za kuaminika na vipimo vipo, lakini jua halipo. Kuanzia London kwenda kaskazini, miezi ya baridi ngozi haitengenezi vitamini D, na ngozi nyeusi huhitaji jua refu zaidi hata kiangazini. Ukiongeza utumbo uliokuwa haufyonzi mafuta wala kalsiamu kwa miaka, unapata mifupa ya mzee kwa mtu wa miaka arobaini. Hapo vitamini D ya kidonge si ya hiari, na kipimo cha uzito wa mifupa kiombwe mapema, bila kungoja mpaka mkono uvunjike kwa kuteleza.

Wanaobaki pabaya kuliko wote ni wanawake wa umri wa kuzaa. Mrija wa fahamu wa kijusi hufunga ndani ya wiki nne tangu mimba kutungwa, kabla wengi hawajajua kwamba ni wajawazito, na asidi ya foliki inayozuia mgongo wazi lazima iwepo mwilini tangu kabla. Vidonge vya chuma na foliki vya kliniki hutolewa baada ya siku hizo kupita. Ndiyo sababu nchi zikaamua kuipitisha foliki kwenye unga. Uingereza nayo ilitunga sheria mwaka 2024 ya kuiongeza katika unga wa ngano usio wa nafaka nzima kufikia mwisho wa 2026, na unga usio na gluteni haumo. Kwetu unga wa mahindi umo katika kanuni, ila kanuni inashika viwanda vikubwa, na familia nyingi husaga mtaani. Mwanamke mwenye seliaki anayefikiria kupata mtoto asitegemee unga wowote. Ameze foliki mikrogramu 400 kila siku kabla ya kuanza kutafuta mimba, na amuulize daktari kama anahitaji zaidi, kwa kuwa Uingereza wenye ugonjwa wa kutofyonza chakula hushauriwa kufikia hata miligramu 5, kipimo kinachotaka B12 ipimwe kwanza.